Kufuli Si Notisi

Mtchew! Jana baze yetu ya Makongeni, pale fundi wa viatu anapokalia kreti ya soda kando ya Jogoo Road, ilipata mgeni. Mwenye ploti. Huyo humjui kwa sura, unamjua kwa funguo: zinaning'inia kiunoni kama za askari jela. Mkononi alishika kufuli jipya la shaba, bado limo ndani ya plastiki yake. Wala hakuja kunywa chai. Alikuja kutafuta vijana wawili wenye nguvu na mtaimbo mmoja.

"Miezi mitatu!" akasema kabla hata hajasalimu. "Simu hashiki. Nikigonga mlango, redio inazimwa. Leo nang'oa huo mlango. Nikishindwa, napiga kufuli, vitu vikae ndani mpaka alipe."

Kijana wa boda akauliza kazi ni pesa ngapi. Mama wa chapati akageuza chapati yake bila kumtazama mtu. "Na ukishafunga," akasema, "yale maharagwe yaliyo kwenye sufuria utakula wewe? Na yunifomu ya mtoto iliyo nyuma ya mlango, Jumatatu utaenda nayo shule wewe?"

Sasa ngojeni kwanza. Mimi sikai hapa kumtetea mpangaji sugu. Wapo, tunawajua. Anakula kodi miezi minne, halafu usiku wa saa nane unasikia mkokoteni ukilia kwi kwi kwi uani, asubuhi chumba ni kitupu na balbu kaenda nayo. Mwenye ploti naye anadaiwa. Alijenga kwa mkopo wa sako, na sako haitaki kujua kwamba chumba namba saba hajalipa. Kwa hiyo hasira yake naielewa. Nisichoelewa ni huo mtaimbo.

Kwa sababu ukiupiga kufuli mlango wa mtu, habari inageuka. Asubuhi ulikuwa mdai, kila mtu ploti nzima anakuonea huruma. Jioni wewe ndiwe unayeandika taarifa polisi, na yule mwenye deni lako ameketi benchi ya pili akilia kwamba televisheni yake imepotea. Utathibitishaje haikuwemo?

Hapo ndipo mzee wetu mmoja, mstaafu wa Reli, akakunja gazeti. Mzee huyu haongei ovyo. Akauliza swali moja tu: "Bwana, hicho chumba ni kodi ya ngapi?"

"Elfu saba."

"Basi tuanzie hapo. Sheria ya Kenya kabla haijauliza nani mbaya, inauliza nyumba gani na kodi ngapi."

Akahesabu kwa vidole. Kidole cha kwanza: nyumba ya kuishi ambayo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Hiyo iko chini ya Sura ya 296, sheria ya kudhibiti kodi. Baze ikacheka. Elfu mbili na mia tano, Nairobi hii? Hiyo ni kodi ya kabati! Lakini mzee hakucheka. Nenda kwenye vyumba vya mabati, akasema, utavikuta vya bei hiyo na chini yake, na ndani mna watu. Huko mwenye nyumba hamtoi mtu mpaka apate amri ya jopo la kodi au ya mahakama, tena kwa sababu zilizoandikwa: mtu hajalipa, anawasumbua majirani, anaharibu nyumba, au mwenyewe anaihitaji kweli kuishi na familia yake. Hata hapo, anayeamua anajiuliza kwanza kama kumtoa ni haki. Na kumkatia mtu maji au kumchokoza ili ahame mwenyewe, sheria hiyo inaihesabu kuwa kosa la jinai.

Kidole cha pili: duka, hoteli, kibanda cha kulisha watu. Hapo mama wa chapati akaacha kugeuza. Hiyo ni Sura ya 301. Kama mmekubaliana kwa mdomo tu, au mkataba wenu hauzidi miaka mitano, umekingwa. Mwenye nyumba lazima akupe notisi kwenye fomu yake maalumu, isiyopungua miezi miwili, na aeleze sababu: umechelewa kulipa kodi kwa miezi miwili, umekosa kutunza jengo, anataka kubomoa ajenge upya, au anataka kufanyia biashara yake mwenyewe pale. Ukikimbilia jopo la kodi za biashara kabla ya siku kufika, notisi inasimama hadi kesi iamuliwe.

"Kumbe!" akasema mama, na chapati moja ikaungua.

Kidole cha tatu ndicho cha mgeni wetu. Nyumba ya kuishi ya elfu saba haiko chini ya Sura ya 296. Inatawaliwa na mapatano yenu na Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012. Kodi ikilipwa kila mwezi, notisi haipungui mwezi mmoja, na iwe ya maandishi. Mwezi ukiisha naye bado yumo, unaenda mahakamani kuomba amri ya kumtoa. Mahakama za Makadara haziko mbali; hata bodaboda hazihitaji mjadala mrefu wa nauli.

"Na pesa zangu?" mwenye ploti akauliza.

Pesa ni jambo jingine, mzee akasema, na ndipo watu wengi wanapochanganya. Kumtoa mtu ni amri ya mahakama. Kudai kodi iliyolala kuna njia yake ya zamani, Sura ya 293, ya kukamata mali. Lakini anayekamata ni dalali mwenye leseni, si kijana wa boda. Dalali anaandika orodha ya vitu, anampa mdaiwa siku 14 alipe, ndipo abebe. Na kwa nyumba za 2,500 kushuka chini, hata dalali hagusi kijiko kabla jopo halijaruhusu.

"Si niende tu kwa chifu?" Nenda. Chifu atawapatanisha, pengine huyo jamaa ataona aibu alipe. Lakini chifu hana mamlaka ya kumfukuza mpangaji, hata aandike barua yenye mihuri sita.

Tunajua njia ya mkato inavyokwenda. Mwaka 2020, korona ilipofunga kazi za watu, tulisikia habari za wenye nyumba waliong'oa milango na kuezua mabati ili wapangaji watoke. Hebu fikiria hesabu yake: unavunja nyumba yako mwenyewe ili upate kodi ya nyumba hiyo hiyo. Aka!

Lakini mzee hakuwa amemaliza, na hapa ndipo baze iliponyamaza. Kwa sababu Makongeni ilikuwa na mwenye nyumba wake mkubwa, na huyo hakuwa na funguo kiunoni. Mtaa huu ulikuwa wa Reli. Nyumba za Reli, hapa na kule Muthurwa, zilikabidhiwa mpango wa pensheni wa wafanyakazi wa Reli ili zizae pesa za kuwalipa wastaafu. Julai 2010 wapangaji wa Muthurwa walipewa notisi ya siku 90 wahame. Mwezi uliofuata, Agosti 27, Katiba mpya ikatangazwa, na ndani yake mna kifungu cha 43, haki ya kila mtu kuwa na makazi ya kufaa. Wapangaji wakaenda Mahakama Kuu wakilalamika kwamba wanabomolewa vyoo na kukatiwa maji.

Agosti 2013, Jaji Isaac Lenaola akaamua haki zao zilikiukwa. Lakini sikiliza vizuri. Hakusema nyumba ni za wapangaji. Hakusema wasihame milele. Alitaka wadhamini wa ule mpango wa pensheni na wapangaji wakae chini wapange ratiba ya kuhama, na serikali ieleze sera yake kuhusu makazi na kufukuza watu. Mwenye mali alibaki mwenye mali. Alichonyimwa ni ule mtaimbo.

Kisha zamu ikafika kwetu. Mwaka 2025 Makongeni ikaanza kubomolewa kupisha mradi wa nyumba nafuu, kila kaya ikitajiwa shilingi 150,000 za kuhama. Kuna waliosema ni afadhali, kuna waliosema ni kidogo, kuna waliozaliwa kwenye vyumba vile na kutoka pale kwenda kuzika wazazi wao. Mbishano huo bado unarudi baze kila wiki, na siuamui leo.

Ila mtazameni huyu mzee. Amestaafu Reli, kwa hiyo pensheni yake inatokana na mali hizi. Amepanga nyumba za Reli, kwa hiyo kila notisi ilimhusu. Mwenye nyumba na mpangaji wamekaa ndani ya koti moja kuukuu! Nilimuuliza yuko upande gani. Akanijibu, "Mimi nataka pensheni yangu. Na nilitaka pia mtu aje anieleze mchana, nikiwa nimevaa viatu."

Mwenye ploti akakaa kwenye jiwe. Kwa mara ya kwanza tangu aje, aliongea polepole. Notisi inaandikwaje?

Mzee akatoa kalamu. "Mwezi wenu wa kodi unaanza tarehe ngapi?"

Hajui. Mkataba upo? Haupo. Risiti? Hakuwahi kuandika hata moja. Kilichokuwapo ni meseji za M-Pesa, na nusu yake amezifuta kwa sababu simu ilikuwa imejaa. Mtchew! Mtu amejenga vyumba kumi na viwili, akanunua kufuli la shaba, lakini daftari la shilingi hamsini likamshinda.

Mama wa chapati akampa karatasi safi kutoka kwenye kitabu cha madeni yake. Yeye anayo kumbukumbu ya kila chapati iliyokopwa tangu Januari, tarehe na jina, na mimi nimo, mara tatu. Notisi ikaandikwa: jina, chumba, kiasi kinachodaiwa, siku ya kutoka. Nakala mbili. Kijana wa boda akalipwa mia moja ashuhudie ikikabidhiwa, kazi nyepesi kuliko aliyoahidiwa.

Lile kufuli? Fundi wa viatu alilinunua kwa mia tatu. Kila usiku sanduku lake la viatu huwa analifunga kwa waya.