Nafasi Ipo

"Imejaa nini?" mama wa bibi harusi aliniuliza jana saa kumi, mbele ya wateja wote wa studio hapa Saio, Bunia. Sikuwa na jibu. Nyuma yangu kompyuta ilikuwa inatangaza kwamba kuna nafasi ya tera 1.1.

Video ya harusi ilikuwa giga 6.3. Niliinakili kutoka kwenye kadi ya kamera kwenda kwenye folda ya pamoja, inayokaa kwenye seva chumba cha nyuma. Mstari wa kijani ukafika mwisho. Nikasema, "Mama, imeingia," nikaifomati kadi palepale, maana mpiga picha alikuwa anaingoja mlangoni, pikipiki inanguruma. Kadi ikawa nyeupe pe. Ndipo kidirisha kikatokea: umepita kikomo.

Usiku sikulala, nikasoma. Folda zetu husafiri kwa NFS, mtindo uliobuniwa na Sun Microsystems mwaka 1984. Kompyuta yangu ikiuliza ukubwa, seva inataja diski nzima. Fungu langu mimi ni swali jingine, lina mlango wake na bawabu wake, na kompyuta yangu haikuwahi kubisha hodi huko. Nimeonyeshwa ghala zima la mpunga, kumbe changu ni kibaba: giga 20, na zilizobaki ni 6.

Lakini mstari ulifikaje mwisho? Hapa, nisameheni, nilianza kufurahi. Kompyuta haipeleki kila kitu papo hapo. Hurundika sehemu kwenye memori yake, huiambia programu "nimepokea", kisha husafirisha taratibu. Seva ikikataa shehena ya mwisho, habari inaweza kuchelewa hadi faili linapofungwa. Ule ukijani haukuwa risiti, ulikuwa ahadi. Na ile giga 0.3 iliyokataliwa? Kamera nyingi huandika fahirisi ya video mwishoni kabisa. Bila fahirisi, giga 6 zilizoingia hazichezi hata wimbo mmoja.

Kuna hata kikomo laini: ukikipita unapewa muda, kwa kawaida siku 7, kama deni la dukani. Mimi nilipewa kikomo kigumu peke yake, kisicho na muda. Aliyeviweka vikomo hivi ni bosi. Mbele ya jina lake mwenyewe pameandikwa sifuri, na sifuri pale maana yake ni "bila kikomo". Mechi zake za mpira zimejilaza kwenye seva, msimu juu ya msimu, hakuna anayeziuliza. Asubuhi ameniambia atanikata dola 40. Nilitaka kumwuliza kama mshahara wangu nao una sifuri ya namna hiyo. Nikanyamaza, nina watoto.

Mwaka 1941 askari wa Congo waliiteka Saio ya Ethiopia kutoka kwa Waitaliano. Mimi, katika Saio ya Bunia, nimetekwa na folda.



Leo saa sita mama akarudi. Akafungua pindo la kitenge, akatoa flashi ya mjukuu wake. "Mwanangu, humu je, kuna nafasi?"

Nikaichomeka. Giga 8, tupu, na ya FAT32, isiyopokea faili moja la kufikia giga 4.

"Nafasi ipo, mama," nikasema.