Hatua Nne za Kuua Mtandao wa Mtaa Mzima

Tuseme vijana wa mtaa wa Buyenzi wamefunga redio za Wi-Fi juu ya mabati. Nyumba moja inaipokezea nyingine data, avenyu kwa avenyu, mpaka ifike kwenye waya wa intaneti. Mwanafunzi anasoma bila kuhesabu mega. Ukitaka mtandao huo ufe, fuata hatua hizi.

1. Ongeza nguvu mpaka mwisho. Redio huvuruga mbali kuliko inakoeleweka. Karibu na ardhi, umbali ukiongezeka mara mbili, ishara inaweza kudhoofu mara 16. Mpokeaji akihitaji ishara inayoizidi kelele mara kumi, basi redio nyingine yenye nguvu ileile itamvuruga hata ikiwa mbali mara 1.78 ya umbali wa anayemtumia. Wanaozungumza kwa mita 200 wanavurugwa na aliye mita 350. Ukiongeza nguvu mara 16 peke yako, utawavuruga mpaka mita 700.

2. Ruka mbali. Acha majirani, elekeza antena Kiriri, mlimani. Antena ya huko inasikia bonde zima mpaka ziwani. Redio ya Buyenzi na ya mtaa wa mbali, Kinindo, hazisikiani. Kila moja itadhani hewa ni tupu, zitatuma pamoja, na jumbe zitagongana mlimani. Wi-Fi inayo kinga: mtumaji anapiga hodi, mpokeaji anajibu karibu, wengine wananyamaza. Lakini jibu hilo linamnyamazisha tu anayelielewa. Kwa hesabu ileile ya 1.78, mruko ukipita asilimia 56 ya upeo wa redio, wapo wavurugaji ambao jibu haliwafikii.

3. Wote chaneli moja, kisha ongeza vituo. Redio haiwezi kupokea na kutuma kwa wakati mmoja kwenye chaneli moja, na ikituma, jirani zake wanangoja. Mwaka 2001 watafiti wa MIT, Jinyang Li na wenzake, walionyesha kwamba mnyororo mrefu wa namna hiyo unapata, kwa hali bora kabisa, robo ya kasi ya redio moja. Kwa Wi-Fi ya wakati ule walipata karibu moja ya saba.

4. Chagua chaneli bila kumwuliza mtu. Kwenye gigahezi 2.4, chaneli 1, 6 na 11 hazigusani. Chukua ya 3: utawasumbua wa 1 na wa 6 kwa pamoja.

Mimi nautaka mtandao huo uishi, kwa sababu mega ni ghali na watoto wanataka kusoma. Basi geuza kila hatua. Punguza nguvu mpaka ikutoshe kumfikia jirani wa pili kwa uhakika. Ruka karibu. Vituo vya katikati vipewe redio mbili, moja ya kupokea na nyingine ya kutuma, chaneli mbalimbali. Na kabla hamjanunua antena hata moja, iteni kikao cha avenyu, mgawane 1, 6 na 11, mwandike nani amechukua ipi.