Mheshimiwa kopepoda wa Ziwa Tanganyika

Kopepoda wa jenasi ya Mesocyclops ni mnyama wa ukoo wa kamba, mwenye urefu wa milimita moja hivi na jicho moja katikati ya uso. Hana moyo wala matamvua, na kasoro hizo ndizo fahari yake: asiye na moyo havunjwi moyo, na anayepumua kwa ngozi hakosi pumzi kwa ajili ya pua. Maji ya ziwa yakichotwa Kinindo, mjini Bujumbura, na kutazamwa juani ndani ya glasi, yeye ndiye kile kitone cheupe kinachorukaruka. Jike hujulikana kwa vifuko viwili vya mayai vinavyoning'inia ubavuni, kama mama anayetoka sokoni.

Ushujaa hana, na hilo nalo ni sifa. Mchana hujificha vilindini, usiku hupanda kula. Ziwa lina kina cha mita 1,470, lakini kaskazini oksijeni huishia kwenye mita 100 hivi, kwa hiyo mwoga huyu hana hata nafasi ya kukimbilia mbali.

Kiangazi, kuanzia Mei hadi Septemba, upepo wa kusini husukuma maji ya juu yenye joto kuelekea Bujumbura. Upande wa kusini, huko Mpulungu, maji baridi yenye rutuba hupanda kujaza pengo, mwani mdogo hustawi, naye kopepoda hula bila haya. Upepo ukitulia, maji hupembea ziwa zima kwa wiki kadhaa, na kaskazini nako hupata fungu lake. Ulafi huo humlisha samaki aitwaye ndagala, ndagala humlisha samaki mwingine, mukeke, na mukeke wa kuchoma huliwa na watu wasiowahi kumshukuru kopepoda hata siku moja. Wavuvi wa taa wanaowatafuta samaki hao nao hungoja usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, hubaki nyumbani.

Ukarimu wake ndio uliozidi mpaka. Bakteria wa kipindupindu hujishikiza kwenye gamba lake na kwenye vifuko vya mayai, naye huwabeba bila kudai nauli. Nchini Bangladesh wanavijiji walifundishwa kuchuja maji kwa sari kuukuu iliyokunjwa mara kadhaa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003 yalionyesha wagonjwa wakipungua kwa karibu nusu, kwani kitambaa kilimnasa mwenyeji pamoja na wageni wake. Hata hivyo, wako bakteria wanaoelea bila mwenyeji na kupenya kitambaa chochote. Maji ya ziwa yachemshwe kabla ya kunywewa.