Barua ya wazi kwa Mahakama ya Tanzania: hongereni kwa kuharakisha ahirisho

Waheshimiwa,

Pokeeni pongezi. Tangu Kanuni za mwaka 2018 ziruhusu nyaraka kuwasilishwa kwa mtandao, wakili wa Bukoba anaweza kufungua shauri saa tano na nusu usiku akiwa kitandani, likahesabika la siku hiyo hiyo, mradi saa sita haijatimia. Zamani angesubiri masjala ifunguliwe na karani amalize chai. Kwa kasi hiyo ya mlangoni hamna mpinzani. Ninachosita kukitaja ni kwamba ukishavuka mlango, mwendo wa ndani ni ule ule.

Tazameni kesi ya jinai inapotajwa. Wakili wa Serikali anasimama: upelelezi haujakamilika, anaomba tarehe nyingine. Hakimu anaipanga, kesi inayofuata inaitwa. Enzi za karatasi ilikuwa hivyo hivyo, ila sasa tarehe mpya inaingia kwenye mfumo papo hapo na ahirisho halipotei kamwe. Mahabusu aliyekuwa akipakiwa kwenye karandinga ili aje kusikia sentensi moja, siku hizi anaweza kuisikia kwa video akiwa gerezani. Mafuta yameokolewa, miezi yake, hapana.

Mtasema upelelezi ni kazi ya polisi. Kweli kabisa. Lakini anayeridhia ahirisho ni hakimu, na Ibara ya 107A ya Katiba, inayokataza kuchelewesha haki bila sababu ya msingi, inazungumza na mahakama, si na kituo cha polisi. Mtasema pia bila mfumo tungekuwa bado tunatafuta majalada yaliyopotea kimiujiza. Nakubali bila kinyongo: jalada la mtandaoni ni gumu kulificha kwenye droo. Ila shahidi asiyefika, hakimu aliyehamishwa na wakili mwenye kesi nyingine Mahakama Kuu asubuhi hiyo hiyo hawakuwahi kuletwa na karatasi, hivyo hawakuondoka nayo. Tena mtandao umezaa ubishi wake: shauri limefunguliwa lilipotumwa, au ada ilipolipwa kwa kontroo namba? Majaji wa Mahakama Kuu wamewahi kupishana juu ya hilo, na wadaawa wakabishania siku ya kufungua kesi kabla kesi yenyewe haijaguswa.

Kwa hiyo nina ombi moja, nalo halihitaji kompyuta mpya. Kila ahirisho huandikwa kwenye mwenendo wa shauri, pamoja na aliyeliomba na sababu yake. Mfumo unaoweza kupanga tarehe hauwezi kushindwa kuhesabu. Wekeni hesabu hiyo hadharani, shauri kwa shauri, pembeni ya takwimu za mashauri yaliyosajiliwa mnazojivunia: limeahirishwa mara ngapi, kwa ombi la nani, kwa nini. Mkihofia faragha, ficheni majina ya wadaawa. Ofisi zilizoomba ahirisho ziacheni zionekane.

Majibu nayasubiri. Tarehe pangeni ninyi.

Wenu mtiifu,
Mwananchi