Ng'ombe wa Bibi Alirudi kwa Treni

Kufungua kopo la nyama la zamani haikuwa kazi ya mtu mmoja. Ilihitaji mtu wa kulishika, mtu wa kuzungusha ufunguo, mtu wa kutoa ushauri usiofuatwa, na mtoto wa kutumwa kwa jirani kuomba plasta. Nyumbani kwetu Magomeni, Dar es Salaam, kushika ilikuwa kazi ya kaka, kuzungusha ya baba, ushauri ulikuwa wa mama, na mbio za plasta zilikuwa zangu.

Waliozaliwa juzi watasema natia chumvi. Sitii, chumvi ilikuwemo koponi tayari.

Kopo lenyewe lilikuwa na pembe nne, pana kitakoni, jembamba juu. Umbo hilo lilipewa hataza kule Chicago mwaka 1875, na akili yake ni kwamba ukifungua upande mpana na kulipiga kofi, nyama inateleza na kutoka nzima, tayari kukatwa slesi. Ubavuni palibandikwa ufunguo mdogo wa chuma. Unaubandua, unachomeka ulimi wa bati kwenye tundu lake, unazungusha, na utepe mwembamba wa bati unajiviringisha mpaka umalize mzunguko. Hayo ni maelekezo. Kwa baba, utepe ulianza kwa heshima, ukafika kona ya kwanza, ukapanda juu, ukakatika. Baba alitamka neno ambalo sisi tukilitamka tulichapwa, kisha akaagiza bisibisi. Baada ya bisibisi kilikuja kisu, na baada ya kisu likaja panga.

"Baba watoto, si tulipeleke kwa fundi baiskeli?" mama aliuliza kila mara.

"Kopo tu hili!" baba alijibu kila mara, na muda si mrefu nikawa njiani kwa jirani.

Nyama ya kopo huwa nyekundu hata ikishapikwa, kwa sababu ya zile chumvi za naitraiti zinazotiwa ili isioze na isipoteze rangi. Kwa hiyo hatukuweza kujua kwa hakika ni wapi ng'ombe aliishia na wapi baba alianzia. Tulikula.

Gramu 340, nyumba imejaa watu. Mama aliyeyusha yale mafuta meupe sufuriani, akakaanga kitunguu, akaongeza nyanya, akaongeza kabichi, akachungulia mlangoni kuhesabu vichwa, akaongeza kabichi tena. Ukibahatika kupata tonge lenye kitu chekundu kisicho nyanya, ulinyamaza na kutafuna polepole. Sijui mpishi yeyote wa hoteli aliyewahi kunipa ladha ile, na sitaki kuambiwa kwamba ilikuwa njaa.

Nyama hiyo ilitoka Kawe, mwendo wa basi tu kutoka kwetu. Tanganyika Packers ilianza mwishoni mwa miaka ya 1940, ubia wa serikali ya kikoloni na kampuni ya Liebig, ile iliyobeba jina la mkemia wa Kijerumani Justus von Liebig na kumiliki kiwanda kikubwa cha Fray Bentos nchini Uruguay. Wazungu hawa walikuwa na hesabu moja: ng'ombe wako mbali, Uingereza ina njaa ya nyama, na bati halichachi njiani. Mzigo mwingi ukapakiwa melini. Sisi wa Magomeni tuliishi jirani na chungu na kungojea kilichobaki baada ya Mwingereza kushiba.

Ng'ombe wenyewe walitoka kwetu asili, Usukumani. Waliuzwa mnadani, wakapakiwa kwenye mabehewa, wakaletwa pwani kwa Reli ya Kati. Likizo moja baba akaona ni heshima kubwa kunituma kwa bibi, karibu na Shinyanga, na makopo machache ya zawadi. Nikayalinda treni nzima kwa kuyafanya mto, ndiyo maana nilishuka shingo ikitazama upande.

Bibi alipokea shikamoo yangu, akapokea na kopo moja, akaligeuza, akalitikisa sikioni.

"Hii nini, mjukuu wangu?"

"Nyama ya ng'ombe, bibi."

"Mfupa uko wapi?"

"Haina mfupa."

"Mkia? Ngozi? Kwato?" Akaliweka chini kwa uangalifu. "Nyama isiyo na mfupa wala ngozi, nitajuaje kama si ya mtu?"

Nikamweleza habari za Kawe: ng'ombe wananunuliwa huku, wanapanda treni, wanafika Dar es Salaam, wanatiwa ndani ya bati. Nilidhani namwelimisha. Bibi akasikiliza mpaka mwisho, akawageukia majirani waliokuwa wamekuja kumwona mgeni wa mjini.

"Mnamsikia? Baba yake nilimuuzia ng'ombe ili asome. Ng'ombe aliondoka hapa kwa miguu yake minne. Leo msomi ananirudishia akiwa ndani ya bati."

Baba mdogo akaokoa jahazi, au alidhani anaokoa. Funguo zilikuwa zimebanduka na kubaki kwenye treni, pengine chini ya benchi ya daraja la tatu, kwa hiyo akaleta shoka. Akaliweka kopo juu ya gogo, akatema mate viganjani, akapiga. Kopo liliruka, likapita juu ya kichwa cha bibi na kudondokea zizini likiwa limepasuka ubavu. Ng'ombe walisogea mmoja mmoja, wakanyoosha shingo, wakanusa. Fahali mweusi akalia kwa sauti ndefu.

"Amemtambua," bibi akasema.

Hakuna aliyeila. Mbwa alijaribu, akaona ina chumvi mno, akaenda kunywa maji. Bibi alilisafisha kopo, akalifanya kipimo cha ugoro, na nadhani hiyo ndiyo kazi pekee ambayo kopo lile liliifanya bila kumjeruhi mtu.

Halafu ukaja mwaka 1983. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha na fedha za kigeni zimekwisha pamoja navyo; sabuni, sukari na nguo vilipatikana kwa foleni na kibali. Waziri Mkuu Sokoine akawashukia wahujumu uchumi. Watu wakaanza kutupa bidhaa usiku, maana kukutwa na katoni ya chochote ilikuwa balaa. Baba alikuwa na makopo yake machache kabatini, ambayo hakuna mahakama ingeyaita hujuma. Lakini baba aliamini redio inamsema yeye. Usiku akachimba shimo nyuma ya banda la kuku na kuyazika.

Asubuhi balozi wa nyumba kumi akabisha hodi. Alikuwa ameona taa na kusikia jembe.

"Kuna msiba, mzee mwenzangu?"

"Kuku," baba akasema. "Alikufa kwa ugonjwa."

Kosa. Balozi naye alifuga kuku. Akataka kujua ugonjwa gani, dalili zipi, kuku gani, na kama wengine wanakohoa. Akaleta mtu anayejua kuku. Mtu yule akakagua banda letu zima, akawafungua midomo kuku wazima wa afya, akapendekeza wote wachinjwe mapema kabla hawajaambukiza mtaa. Baba hakuwa na la kusema. Tulikula kuku wiki nzima, tukiwa na huzuni na mashavu yamejaa. Makopo yalipofukuliwa baada ya mvua za masika, kutu ilikuwa imeyatoboa na funguo zimegeuka vumbi jekundu. Mama hakusema kitu. Ndio ushauri wake pekee uliofuatwa.

Juzi nimekuta kopo la nyama dukani, na nikalinunua kwa moyo wa kitoto. Lina kipete, unavuta, linafunguka, basi. Nikasoma ubavuni: Brazil. Nikapika kwa kitunguu na kabichi, nikawaita wanangu. Mkubwa akauliza kama ni chakula cha paka. Mdogo akanisomea kwenye simu kwamba tangu mwaka 2015 taasisi ya saratani ya Shirika la Afya Duniani imeiweka nyama ya kusindikwa kwenye orodha ya visababishi vya saratani. Daktari wangu wa presha sijamwambia bado. Nikala peke yangu. Ilikuwa na chumvi, mafuta, na basi. Hata hivyo nilikwangua sufuria.

Kawe hakichinjwi kitu siku hizi. Kiwanda kilikufa, na viwanja vya Tanganyika Packers vinajulikana zaidi kwa mikutano ya injili. Ukisikia watu wanalia pale, wanalilia dhambi zao. Mimi nalilia Brazil. Nchi yenye ng'ombe zaidi ya milioni 30 kununua ng'ombe wa kopo ng'ambo ya bahari ni aibu ambayo hata bibi asingepata maneno ya kuisema, na bibi hakuwahi kukosa maneno. Kwa hiyo namwomba yeyote mwenye uwezo wa kutusindikia nyama yetu wenyewe aanze hata kesho, nami nitakuwa mteja wa kwanza mlangoni. Ila ule ufunguo asiurudishe.