Maporomoko ya Mchanga

Gari letu limetolewa mtoni na ng'ombe. Fahali wawili wa kulimia, nira shingoni, mbele ya umati uliokuwa ukitoka sokoni, vijana wakirekodi kwa simu. Mwenye ng'ombe alidai pesa mbele, akahesabu noti taratibu, kisha akaniamuru nishuke nisukume, kwa sababu "hata mnyama huchoka." Nimeoga na kurudia kuoga, lakini mchanga wa Mto Tiva bado unanitoka masikioni.

Aliyenipeleka huko ni swahiba wangu wa tangu utotoni, mgonjwa wa maporomoko ya maji. Alikuwa ameona picha ya Tiva ukishuka mwambani kwa kishindo. Picha ya Novemba, mvua zimeshika. Sisi tukaenda Septemba. Kitui, Septemba! "Kweli mimi nipotee kwetu?" alinijibu, mguu kwenye mafuta. Hakupotea. Mwamba tuliukuta pale pale. Maji ndiyo hayakuwepo.

Mama mmoja alikuwa amechimba shimo mtoni, anateka kwa kibuyu na kujaza mitungi ya punda wake. Nikamwuliza, "Mwaitu, maporomoko yako wapi?" Akatutazama miguuni. "Mnayakanyaga."

Gari likiwa limezama mchangani, ng'ombe walichelewa, nami nikapata somo. Mto wa msimu hufurika siku chache tu. Ukikauka juu, maji hubaki chini, katikati ya chembe za mchanga, yamekalia mwamba. Wakamba wakaona: kwa nini yaende zake? Wanajenga ukuta wa mawe na saruji juu ya mwamba, kutoka ukingo hadi ukingo. Mafuriko yakija, tope jepesi linaruka ukuta, mchanga mzito unatua nyuma yake, msimu baada ya msimu, hadi bwawa lijae. Kwingine bwawa likijaa mchanga, mhandisi hufutwa kazi. Huku, watu hupiga vigelegele! Karibu theluthi ya ule mchanga huwa maji: jua haliyafikii, mbu hapati pa kutagia, na mchanga wenyewe unayachuja. Nilisahau gari kabisa.

Kisha mwenye ng'ombe akatuonyesha hatua chache mbele, mto ulipokwanguliwa hadi mwamba ukabaki uchi. Malori. Mchanga huenda kujenga maghorofa Nairobi. Kaunti jirani ya Makueni ilitunga sheria ya kuulinda mwaka 2015, lakini lori la mchanga hutembea usiku, na sheria hulala mapema. Kila lori likiondoka, kisima cha mtu kimepanda gari, na mama kama yule anaongezewa safari ya punda.

Safari nyingine hazina mengi. Thomson Falls, Nyahururu: mita 74 za maji, ukungu mtupu, tulisikia tu. Jiwe la Nzambani, wanakosema ukilizunguka mara saba unabadilika jinsia: swahiba alikomea ya sita, akisema mkewe hakushauriwa.

Fourteen Falls, karibu na Thika, tulikuta maji tele. Yana povu, yananuka. Ndio Mto Athi, uliokwisha kupokea Mto Nairobi na taka zake zote, ukiteremka kupita mipakani mwa Kitui na Makueni, ambako watu huteka maji yake. Kwa hiyo hesabu iko hivi: Nairobi inachukua mchanga wetu kujengea vyoo, kisha inatuletea yaliyomo.