Fujo Saa Tisa Usiku, Kikao Saa Nne Asubuhi

Kijiwe cha Mzee Kahawa kiko chini ya mkwaju, hatua chache kutoka barabara kuu ya Mombasa kwenda Malindi. Jumatatu dhumna haikuguswa. Usiku wa kuamkia Jumapili chupa ziliruka kwenye klabu ya ghorofani, vijana wawili wakaenda kushonwa, na sasa kamati ya leseni za vileo imeita kikao kuitazama upya leseni ya klabu hiyo.

Waliokuwepo ni wale wale. Mwalimu Mstaafu, ambaye ukimwona na gazeti hujui analisoma ama analisahihisha. Baharia, aliyetia nanga bandari zote za dunia na hana picha hata moja. Karisa wa bodaboda. Bonge, baunsa wa klabu yenyewe, kifua kama mlango wa ghala, sauti ya binti wa madrasa. Bi Zuhura wa mahamri, ambaye dirisha lake latazamana na spika. Na Dalali, mkusanya kodi za majumba.

KARISA: Wakiifunga ile klabu, mimi nimekwisha. Mchana nabeba abiria wa shilingi hamsini, naye ataka punguzo. Usiku nabeba mlevi wa mia mbili, hata kwake hapajui.

BI ZUHURA: Na wewe wapajua?

KARISA: Namzungusha mpaka akumbuke, Bi Zuhura. Ndiyo mia mbili yenyewe.

DALALI: Mimi nasema ifungwe! Watoto wetu wanaharibika.

Dalali husema hivyo kila mara, kwa sauti ya kusikika hadi msikitini. Ukweli kwamba kodi ya ghorofa ile hupita mikononi mwake kila tarehe tano hausemi kwa sauti yoyote.

MWALIMU: Tuanze na sheria. Katiba ya 2010 ilizipa kaunti kazi ya kutoa leseni za vileo. Mwaka huo huo ikaja sheria ya kudhibiti vileo, ile mliyoiita ya Mututho.

KARISA: Kumbe Mututho alikuwa mtu? Mimi nilidhani ni aina ya msako.

MWALIMU: Alikuwa mbunge wa Naivasha. Kwa sheria hiyo, baa ya kawaida, siku za kazi, huuza kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku. Wikendi na sikukuu huanza saa nane mchana, na kufunga ni saa tano ile ile.

BONGE: Saa tano, Mwalimu? Saa tano sisi ndio kwanza tunajaribu maikrofoni.

MWALIMU: Klabu ya usiku ina leseni yake mbali, na saa zake mbali. Yenu ni ya klabu au ya baa?

Macho yote yakamgeukia Bonge.

BONGE: Iko ukutani, kwenye fremu. Fremu yenyewe wameitundika juu sana.

MWALIMU: Na sheria yataka pahala pa kuuzia pombe pawe mita 300 au zaidi kutoka shuleni. Shule ya msingi iko pale nyuma.

DALALI: Hapo msiionee klabu. Ukipima kwa njia ya gari, ukazunguka kituo cha mafuta, ni mita mia tatu na ushei.

BI ZUHURA: Na mpira wa watoto, Dalali, nao huzunguka kituo cha mafuta? Maana kila Ijumaa huangukia ua wa klabu.

Mzee Kahawa alicheka hadi akajimwagia mkononi. Hapo Baharia akaona zamu yake imefika, akavuta kigoda.

BAHARIA: Nyinyi mwazungumza vitu vidogo. Mimi nilitia nanga Sydney, Australia...

KARISA: Haya, tumefika Sydney.

BAHARIA: Kulikuwa na mtaa wa starehe, Kings Cross. Vijana wawili waliuawa pale kwa nyakati tofauti, kila mmoja kwa ngumi moja. Ngumi moja tu, mtu chini, kichwa kwenye lami. Mji mzima ukalia. Mwaka 2014 serikali ya jimbo ikakaza kamba Kings Cross na katikati ya mji: ikifika saa saba na nusu usiku huingii klabu yoyote hata ukija na mamako, na saa tisa hakuna tena kuuziwa kinywaji.

BI ZUHURA: Mashallah! Hao ndio viongozi.

BAHARIA: Ngoja, Bi Zuhura. Kings Cross mapigano yalipungua, tena si kidogo. Lakini watafiti wa takwimu za uhalifu wa jimbo walipotazama mitaa mingine, kama Newtown na Bondi, wakakuta huko yameongezeka. Hayakufikia yale yaliyopungua, ila baadhi ya ugomvi ulihama na viatu vyake.

MWALIMU: Hili ni kweli. Na kasino kubwa ya mji ule iliachwa nje ya mpaka.

KARISA: Kasino? Penye pesa?

MWALIMU: Penye pesa.

KARISA: Basi huko nako ni kwetu.

BAHARIA: Wenye vilabu na wanamuziki wakaandamana, biashara nyingi zikafunga. Mwaka 2020 amri ikaondolewa katikati ya mji, na 2021 ikaondolewa Kings Cross. Miaka saba, bwana!

Nakiri Baharia ana chumvi nyingi kuliko bahari aliyoivuka, ila hadithi hii aliisimulia sawasawa. Mimi niliishikilia kwa sababu moja. Ukitaka kujua kama leseni imefanya kazi, usihesabu mtaa uliofungwa peke yake, hesabu na jirani zake. Klabu yetu ikifungwa leo, wale wanywaji hawataanza kusoma magazeti usiku. Watashuka kwenye kile kibanda cha uchochoroni ambacho hakina leseni, hakina taa, wala hakina Bonge.

BI ZUHURA: Bonge mwanangu, hebu sema wewe. Ilikuwaje?

Bonge akakitazama kikombe chake kwa muda. Kijiweni humu yeye huulizwa uzito, haulizwi maoni.

BONGE: Bi Zuhura, ule ugomvi niliuona tangu saa sita. Yule kijana alikuwa ameshalewa, amekanyaga mtu, amemtukana mtu. Nikamwendea meneja, nikamwambia huyu tumtoe. Meneja akaniambia, wewe kipofu? Meza yake imenunua chupa nzima, tena mbili. Rudi mlangoni.

MWALIMU: Lakini sheria inakuruhusu kumtoa mlevi na mgomvi! Tena mwenye leseni akiacha ulevi na fujo ndani kwake, kosa ni lake.

BONGE: Mwalimu, sheria hainilipi. Mimi nalipwa kwa usiku, mkono kwa mkono. Sina karatasi, sina redio ya kuitana na mwenzangu aliye ndani, na mafunzo yangu ni kubeba saruji bandarini. Mlango wa nyuma wameufunga kwa kufuli watu wasitoroke bila kulipa. Saa tisa ikifika, muziki unazimwa pa! Taa zinawashwa, watu mia tatu wanasukumwa ngazi moja, wote wamelewa, wote wanagombania bodaboda sita.

KARISA: Nne. Mbili huwa hazina mafuta.

BONGE: Ndipo chupa hurushwa. Ngazini na barabarani, si ndani. Na polisi wakifika, mtu wa kwanza kushikwa ni mimi, kwa sababu ndiye ninayeonekana kwa mbali.

MWALIMU: Tangu 2016 kuna sheria inayotaka walinzi wa kibinafsi wasajiliwe na wafunzwe.

BONGE: Nisajiliwe kwa jina gani, na meneja ananiita "wewe"?

DALALI: Haya yote maneno. Ifungwe, tumalize!

BI ZUHURA: Dalali, nikuulize. Hii si ile iliyofungwa kabla ya korona?

DALALI: Ile ilikuwa nyingine.

BI ZUHURA: Ngazi ni zile, spika ni zile, na anayelipa mishahara ni yule yule wa gari jeusi. Kilichobadilishwa ni kibao. Ilipofungwa mlikaa na nyumba tupu miezi miwili, kisha mwenyewe akarudi na jina jipya, mkampokea kwa udi.

DALALI: Biashara ni biashara, Bi Zuhura.

BI ZUHURA: Hapo sasa umesema kweli.

MWALIMU: Uingereza wana utaratibu mzuri katika sheria yao ya 2003. Polisi wakithibitisha klabu ina uhalifu mkubwa, baraza la mji lina saa 48 kuamua hatua za muda, na siku 28 kusikiza shauri lote. Si kufunga tu. Wanaweza kupunguza saa, kumwondoa meneja, kuongeza masharti. Na si polisi peke yao, hata jirani anaweza kuomba leseni itazamwe upya.

BI ZUHURA: Hata mie?

MWALIMU: Huko, hata wewe. Hapa nako sheria yampa jirani nafasi ya kupinga leseni inapoombwa. Tangazo lilibandikwa ofisini. Nani alikwenda kulisoma?

Kimya. Karisa akajifanya anatafuta ufunguo. Mimi pia nikainamisha kichwa kwenye kahawa.

KARISA: Kikao chenyewe saa ngapi?

MWALIMU: Keshokutwa, saa nne asubuhi.

BONGE: Saa hizo mimi nimelala.

BI ZUHURA: Utalala kesho. Mwalimu, toa kalamu!

Mwalimu akaandika barua kwa kamati, ubao wa dhumna ukiwa meza. Barua haikuomba klabu ifungwe, jambo lililomuuma Bi Zuhura hadi akaongezewa mstari wa spika kugeuzwa. Iliomba leseni isionyeshe jina la klabu pekee, ionyeshe na jina la mtu anayekula faida yake. Kufuli la mlango wa nyuma liondolewe. Vinywaji vikome kuuzwa saa nzima kabla ya kufunga, watu watoke kidogo kidogo. Ngazi iwekwe taa. Na mabaunsa waandikwe kazi, wafunzwe, wapewe redio na idhini ya kumtoa mgomvi hata kama meza yake ina chupa kumi.

Mzee Kahawa alitia sahihi wa kwanza, Baharia akatia kubwa kuliko zote. Karisa alitia baada ya kuhakikisha bodaboda hazikutajwa. Bonge aliandika jina lake kamili, nasi ndipo tulipolijua. Barua imeshafika ofisi ya kaunti na ina mhuri wa kupokelewa. Sahihi ya Dalali haimo.